Kila Baada ya Saa Mbili

Miaka michache baada ya Uhuru mama yangu aliteleza na mzigo wa majani ya ng'ombe, akivipanda vilima kutoka tambarare, akavunjika nyonga. Tukampeleka hospitali moja mjini Moshi. Mgonjwa wa namna hiyo hugeuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo mgongo unaoza. Mama hakugeuzwa. Nilipojaribu kumgeuza mwenyewe, nesi mkuu wa wodi alinishika mkono akanitoa nje.

"Wewe nani humu? Nenda nyumbani ukapike mtori."

Akarudi kwenye kiti chake, akaendelea kufuma kitambaa. Wiki ya tatu nilisikia harufu kabla sijafika kitandani. Kilichommaliza mama ni vidonda, si nyonga.

Nikasomea unesi. Watu wa kanisani walisema nimeitwa. Wapi! Nilikuwa na hasira, basi.

Miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni, nikiwa kituo cha afya huko Masama, aliletwa bibi aliyepatwa na kiharusi, upande wa kulia umekufa. Nilimtambua kabla hawajamtoa kwenye machela: yule nesi mkuu wa Moshi. Nilifurahi, sifichi. "Shikamoo mama," nikamwambia, kisha nikainama sikioni nikamkumbusha wodi, kitanda, na mama yangu. Macho yakamtoka.

Aliogopa kwamba nitamwacha alale tu. Nilimfanyia kibaya zaidi. Nilibandika karatasi ukutani mbele ya macho yake, na zamu yangu yote nikamgeuza kila baada ya saa mbili, nikamkausha, nikamkanda mgongo, nikaandika saa. Kila nilipoandika nilimwuliza, "Umeona? Dakika tano tu." Alilia. Niliendelea. Ngozi yake haikupata hata alama, na wenzangu wakanisifu kwa upole wangu.

Baada ya majuma mawili binti yake alikuja na jani la isale. Kwetu Uchaggani, ukipelekewa jani hilo umeombwa msamaha, na wazee hawalikatai hata penye damu iliyomwagika. Alilitoa kwa mikono miwili.

"Dada, mama amenieleza kwa shida. Anaomba yaishe."

"Mama yako ni mgonjwa wangu," nikamjibu. "Kumtunza ni wajibu wangu, hata asiponiomba. Kumsamehe hakuna aliyenipangia."

Binti akaliweka jani kitandani kando ya mama yake, akatoka akijifuta macho kwa kanga. Bibi akalisukuma kwa mkono wake wa kushoto, kidogo kidogo, mpaka likafika ukingoni nilipokuwa nimesimama. Nilimwacha asukume.

Saa nane ikafika. Nikalihamishia jani dirishani lisije likamchubua mgongo, nikamgeuza.