Mkono wa Baba Mlangoni

Chekeni mnavyotaka, mie siombi radhi. Nimeishi Poland miaka mingi, na kule mtu hampi mwenzake mkono juu ya kizingiti. Mgeni aingie kwanza ndipo msalimiane, la sivyo mtagombana. Mama mwenye nyumba niliyopanga alinifundisha hivyo, nami nimeshika.

Mwezi uliopita nilimleta mchumba wangu Marek, Mpolandi, nyumbani kwetu Keko ajitambulishe. Mashangazi walijaa barazani. Baba akasimama mlangoni, akanyoosha mkono. "Karibu, mwanangu."

Nikajitupa katikati yao. "Baba, shusha mkono! Utatuvunjia uchumba!"

Akaushusha taratibu, akautazama. Mkono ule umeranda mbao maisha yake yote, ndio ulionisomesha. "Kwani mkono wangu una nini?"

"Hauna kitu, Baba. Kwao ni mkosi."

Shangazi mmoja akaguna. "Ulaya imemlewesha. Sasa anamwonea kinyaa baba yake mzazi!"

Sikusogea. Nilikuwa na shahidi. Nikamgeukia Marek. "Hebu waambie mwenyewe."

Marek akacheka, akajibu kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, wote wakasikia: "Hiyo mambo ya bibi yangu. Mimi hapana jali." Kisha akapitisha mkono juu ya bega langu, akaushika wa baba. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba! Pita ndani, mwanangu," baba akasema, huku akinikazia macho. "Huyu mzungu mwingine abaki nje kwanza."