Kambale ya Kasenyi na Somo Langu la Soko

Hii yangu mutaicheka, na mi nitawaacha mucheke, sababu soko nzima ya Bunia ilishacheka mbele yenu. Nafundisha batoto ya mwaka wa tatu, na siku moja niligundua batoto yangu wanajua samaki ya kopo tu (moja aliniambia samaki haina kichwa), basi nikamusumbua direkteri mpaka akakubali niwapeleke soko bajifunze chakula fresh ya kwetu, hata kama baba moja wa komite ya bazazi alisema soko haiko masomo.

Kule yote ilienda muzuri, tukanusa matunda ya maracuja, tukamenya mahindi, mpaka tukafika kwa mama moja mwenye kambale ya Kasenyi, kule ku ziwa, ingali muzima ndani ya beseni ya maji. Mama akataka kuiinua yeye mwenyewe, lakini Esther, mwanafunzi wangu, akaniuliza polepole, "Madamu, weye unaogopa?" Nikasema hapana, nikakunja mikono ya bluzi, nikaikamata.

Kambale inateleza kushinda sabuni. Ikaruka, nikaikumbatia kwa kifua, nikarudi nyuma nisiiangushe, nikakaa (mimi na uzito wangu wote) ndani ya beseni ya nyanya ya jirani. Benye kuuza bakasimama, bamotari bakazima pikipiki zao, na kati ya batu nikaona yule baba wa komite, vitunguu mu mukono, ananiangalia.

Machozi ilikuwa karibu. Lakini nikajiambia, nikiamuka sasa bila kufundisha, hakuna tena mutoto wa masomo yetu ataletwa huku. Basi palepale ndani ya nyanya, maji yake inashuka mpaka mu viatu, nikafungua shavu ya ile samaki, nikauliza batoto wanaona rangi gani. Bakasema nyekundu. Nikawaeleza kama nyekundu vile ni kusema iko fresh, ikiwa kijivu muiache. Wote bakainama kuangalia, na yule baba naye akainama.

"Hata mi sikujuaka," akasema, kisha akanipa mukono niamuke.

Nyanya nilizilipa, sketi imekuwa kitambaa ya kupangusa chini, na mpaka leo bamama ya soko bananiita Mama Kambale. Muhula unaokuja tunarudi tena, direkteri ameshakubali. Kufundisha nitafundisha tu. Kushika, mwenye samaki ashike.