Breka Niliyoificha Mfukoni

Nimekosa, na sitaki kuzunguka. Niliunguza darasa la watoto, halafu nikamwacha mama wa watu abebe kosa langu kwa zaidi ya mwaka. Nasema hapa kwa sababu limenifika shingoni.

Mimi ni fundi umeme hapa Morogoro mjini. Au nilikuwa, tuseme. Shule moja ya msingi ya serikali ilipata viyoyozi viwili vya msaada kutoka kwa mfanyabiashara aliyesoma pale zamani. Na Februari ya Moro mnaijua, jamani! Watoto wa darasa la saba walirundikana chini ya mabati, mashati yamelowa, mwalimu anafundisha huku anajipepea kwa daftari. Kila mtu alishangilia, na kazi ya kuvifunga nikapewa mimi.

Nikavifunga. Siku ya pili mwalimu mkuu, mama mmoja mkali lakini mwema, akaniita.

"Fundi, breka inakata kila baada ya nusu saa. Na kesho mfadhili anakuja kuona."

Tatizo nililijua palepale. Waya wa darasa lile ulikuwa wa zamani, uliwekwa kwa ajili ya taa na soketi chache, na ulikuwa unalisha pia ofisi ya walimu ya jirani. Ilitakiwa kuvutwa waya mpya, mnene, kazi ya siku mbili. Nilipaswa kusema, "Mwalimu, kesho haiwezekani." Maneno matatu tu!

Nikaona aibu. Nilishajigamba mbele ya kamati ya shule kwamba kazi kama ile naifanya nimefumba macho. Basi nikachomoa breka ndogo, nikaweka kubwa, ile isiyokata ovyo.

"Hii haitakusumbua tena," nikamwambia. Akanishukuru sana.

Kwa msiojua: breka inakata umeme ili waya usiungue. Nilichofanya mimi ni kumfukuza mlinzi kwa sababu anapiga kelele.

Mfadhili alikuja, akapigwa picha, akaondoka. Wiki iliyofuata, Jumanne saa nne na nusu asubuhi, nikapigiwa simu. Nilikuwa jirani, naweka soketi kwenye duka. Nilipofika, moshi ulikuwa unatoka juu ya silingi bodi na watoto wanapiga mayowe ndani. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mbao ili baridi isitoke, mlango ni mmoja, wanakanyagana! Nikakimbilia meni swichi, nikazima. Walimu wakawa wanawavuta watoto nje, wengine wanamwaga maji na mchanga.

Kipande cha silingi kilichokuwa kinawaka kikamwangukia binti mmoja. Nitamwita Rehema, si jina lake. Alikinga uso kwa mkono wa kulia.

Hakufa mtu. Mungu ni mkubwa. Lakini ule mkono, nyama ilikuwa inaonekana, na mtoto halii, anautazama tu.

Hapo ndipo nilipofanya baya kuliko lote. Watu wote wakiwa kwa Rehema, nilirudi kwenye meni swichi, nikachomoa ile breka kubwa na kurudisha ndogo. Kubwa nikaitia mfukoni. Ilikuwa bado ya moto, naisikia pajani.

"Fundi, chanzo ni nini?" mwenyekiti wa kamati akaniuliza.

Tulikuwa ofisini kwa walimu. Mezani kulikuwa na hita ya koili, ya Mama Koleta, mhudumu aliyekuwa akiwachemshia walimu chai.

"Labda hii hita," nikasema. "Inakula umeme mwingi."

Labda! Nilijificha nyuma ya neno hilo. Watu wakamgeukia Mama Koleta, naye akashika kichwa.

"Mimi? Mimi nimemuunguza mtoto wa mwenzangu?"

Alikuwa kibarua tu pale, akaambiwa asije tena. Akarudi kwao Mgeta kulima.

Tangu siku ile kila nilipofungua meni swichi niliifunga tena na kuondoka. Mke wangu aliniuliza mpaka akachoka. Nikaacha ufundi, nikaingia kwenye bodaboda. Nilidhani nitasahau.

Mwezi uliopita nikapakia abiria wawili kutoka hospitali, mama na binti. Tulipofika, binti akashuka, nikauona ule mkono. Vidole viwili vimeshikana. Hawakunitambua.

Mama yake alishika kimfuko cha maharage. Nikauliza tu, ili nisionekane nautazama mkono, "Mama, maharage ya wapi mazuri hivyo?"

"Ya Mgeta, baba. Yule mama wa hita, aliyemuunguza mwanangu. Kila mwezi ananiletea. Nimemwambia nimeshamsamehe, aache, hasikii."

Nilirudisha chenji bila kuhesabu.

Yaani Mama Koleta aliamini! Nilidhani huko aliko ananilaani, kumbe anaomba msamaha kwa kosa langu, kila mwezi, kwa maharage ya jasho lake.

Jumapili nikapanda na pikipiki kupitia Mlali mpaka Mgeta. Nilimkuta uani anachambua kabichi, amevaa sweta, ukungu umeshuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi! Karibu, mwanangu. Mtoto yule hajambo?"

Nikashindwa kukaa. Nikatoa ile breka, nikaiweka juu ya kabichi zake, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza kisu kikiwa mkononi, nami nikawa nakitazama kile kisu.

"Kwa hiyo siyo mimi?" akaniuliza.

"Siyo wewe, mama."

"Siyo hita yangu?"

"Siyo."

"Kwa hiyo siyo mimi?"

Akaingia jikoni. Nikamsikia analia, na si kwa hasira. Afadhali angenipiga!

Alipotoka alikuwa amejifuta uso. Akanirudishia breka. "Utaenda kuwaambia kulekule shuleni," akasema. "Na jina lako ulitaje, kama mlivyotaja langu."

Mafundi wenzangu, breka ikikata, iacheni ikate. Mwambieni mwenye kazi haiwezekani, akasirike, mwende zenu nyumbani. Na wewe uliyemwachia mtu kosa lako ukidhani limeishia pale, kamwangalie anavyoishi. Nenda leo.

Hapa jina sijalitaja, bado naogopa. Lakini Ijumaa kuna kikao cha wazazi, na nimeshamwomba mwalimu mkuu nafasi ya kusema. Mama Rehema atakuwepo. Mama Koleta anashuka na lori la kabichi kuja kunisikiliza, na amesema atakaa mstari wa mbele.