Jiwe Nililosogeza Ili Nyawira Achelewe

Jumapili moja mwaka wa 1987, nikiwa bado na nguo za kanisa na Biblia kwapani, nilipiga magoti barabarani nikasukuma jiwe.

Jiwe kubwa la kupakwa chokaa. Hatua mia moja mbele.

Nikapangusa vumbi, nikarudi sokoni Kathonzweni nikiimba pambio.

Msinihukumu haraka. Ngoja niwaambie.

Mimi naitwa Kalondu, ila sokoni waliniita Mama Mutindi. Nilikuwa na hoteli ya chai na maandazi, na haikukauka watu. Habari ya mtu ilifika kwangu kabla haijamfikia mwenyewe.

Na nilikuwa nakimbia. Mama mzima, leso kiunoni, raba mguuni! Daktari alisema nipunguze mwili, nikaanza kwa kutembea, mwishowe nikanogewa.

Kila jioni nilitoka mlangoni kwangu hadi kwenye hilo jiwe, nikageuka. Kilomita tano kwenda na kurudi. Kiema, fundi wa nguo aliyeshonea kwenye veranda yangu, alikuwa na saa. Aliandika dakika zangu kwa chaki ukutani.

Nilianza na thelathini na sita. Mwaka ukiisha, ishirini na nane. Watu walikuwa wanapita kusoma ukuta, nami najifanya sioni.

Halafu akaja Nyawira.

Alitoka Murang'a kuuza mitumba. Mwembamba, mpole, jasho halimjui. Yeye alikimbia njia yangu ileile asubuhi, wakati hoteli imejaa.

Siku ya kwanza Kiema alipiga kelele, "Ishirini na saba! Mama Mutindi, umepata mwenzako!"

Mwenzangu? Mwaka mzima wa jasho, huyu anakuja wiki moja ananipita?

Kilichonimaliza ni wateja. Akikaribia, hoteli nzima inatoka nje na vikombe vyangu mkononi kumpigia makofi. Mimi nabaki na sufuria na nzi.

Wiki hiyohiyo tukasikia Madaraka Dei, sikukuu ya Juni mosi, kutakuwa na mbio za akina mama kule Wote. Kila soko mtu mmoja.

"Ukuta ndio utaamua," Kiema akasema.

Ndipo nikaenda kusukuma jiwe.

Barabara ile ni vumbi na vichaka, vyote sura moja. Mgeni hawezi kujua. Mimi niligeukia palepale pa zamani, penye kalvati, bomba la maji chini ya barabara.

Jumapili tano nilisukuma. Hatua mia, hatua mia.

Chaki ya Nyawira ikaanza kupanda. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Thelathini!

Yangu? Ishirini na nane, imetulia kama maji ya mtungi.

Asubuhi moja aliingia jikoni kwangu, macho mekundu.

"Mama Mutindi, kwani nina nini? Naongeza bidii na ninarudi nyuma. Naamka mapema zaidi, nakula vizuri. Labda mwili umekataa."

"Pole dada," nikamwambia, namwekea sukari vijiko vinne. "Mwili wa mtu una mwisho wake. Usijiue bure."

Akanishika mkono. Akanishukuru!

Siku tatu kabla ya kupeleka jina, Mwalimu Ndeti wa shule ya hapo akaja na baiskeli. Wakubwa wa michezo walitaka umbali uliopimwa. Alifunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu, akaenda polepole akihesabu kila mzunguko hadi kwenye jiwe.

Alirudi amekunja uso.

"Hii si tano. Ni karibu kilomita sita."

Watu wakamzunguka. Akapiga hesabu kwa chaki ya Kiema.

"Nyawira hajarudi nyuma hata kidogo. Kwa dakika hizi thelathini, kilomita tano angemaliza kwa ishirini na sita!"

Vigelegele! Nyawira akafunika uso, analia, anacheka.

Nami nikapiga vigelegele kuliko wote, ili nisishukiwe.

Kiema hakupiga. Alikuwa anasoma ukuta. Upande wangu.

"Mama Mutindi," akasema polepole, "jiwe limesogea, dakika zako hazijasogea. Kilomita sita kwa ishirini na nane? Basi hata wakimbiaji wanaume wa Kanyangi hawakuwezi! Ama tuambie, wewe ulikuwa unageukia wapi?"

Nikaingia jikoni, nikajifanya nakoroga chai. 

Nyawira alikwenda Wote, akawa wa pili. Walimrudisha kwa nyimbo. Mimi nilikaa na maandazi hamsini, hakuna wa kuyala.

Kesho yake akaja. Akasimama mlangoni, hakuketi.

"Jiwe nimekusamehe," akasema. "Lakini nilikulilia, na wewe ukanikorogea sukari ukiniambia nimefika mwisho. Hiyo bado, mama. Hiyo nipe muda."

Akaenda zake. Ni miaka mingi sasa, na mpaka leo tunasalimiana tu.

Baadaye nilichukua kitambaa nifute ukuta kwa aibu. Ndipo nikaona kitu ambacho hakuna aliyekisema.

Wiki tano nzima, sikuwa nimepunguza hata nusu dakika. Nilikuwa kila siku nasoma chaki ya Nyawira kabla ya yangu, nikimwona anarudi nyuma, nadhani mimi ndiye ninayesonga mbele.

Ndugu zangu, mwenzako akichelewa, wewe hujaongeza mwendo.