Abiria wa Mawe

Jiwe la kwanza lilipasua dirisha la stoo Ijumaa alasiri, nikiwa nimeinama juu ya meza na bisibisi mkononi, nikikaza reli ya stesheni ya Gesima. La pili lilinipata begani. Nje vijana walikuwa wakipiga kelele neno moja, "Omorogi! Omorogi!" yaani mchawi. Hawakuwa wakiniita mimi. Walikuja kumchoma mke wangu.

Nilikuwa mtu wa ishara za treni katika stesheni moja ya Bonde la Ufa hadi nilipostaafu. Huku kwetu reli haijawahi kufika. Watu wa Gesima wanajua lori la majani chai na pikipiki, lakini wengi wao hawajaona treni ila kwenye runinga. Nilipomaliza utumishi na Mungu akaniacha na macho na vidole, niliamua kuileta reli mwenyewe, ndogo, juu ya mbao, ndani ya stoo tuliyokuwa tukiwekea mahindi. Binti yetu aliniletea vichwa viwili vya treni vya kuchezea na mabehewa yake. Njia niliichora mimi: kutoka Kisii mjini, kupanda hadi Gesima, kisha Nyansiongo.

Anayeanza kazi hii huwa na haraka ya kupigilia reli. Mimi nilikaa na karatasi na penseli msimu mzima wa mvua. Mlima wa Gesima ulinisumbua. Nilipoipandisha reli moja kwa moja, magurudumu yalizunguka bure na treni ikarudi nyuma, basi niliizungusha njia kando ya kilima ili ipande polepole. Pale Gesima niliweka njia ya pili ya kupishania, ndefu kuliko treni yangu iliyo ndefu zaidi, kwa maana treni ambayo mkia wake umebaki nje haijapisha mtu. Halafu niliigawa njia yote katika vipande. Sheria ni moja, kwa treni kubwa na kwa ya kuchezea: kipande chenye treni hakiingiwi na treni nyingine, na taa yake hukaa nyekundu mpaka kiwe kitupu. Taa nilizitoa kwenye tochi mbovu, na swichi za umeme kwenye magari yaliyokufa gereji za Kisii.

Kabla ya kuunganisha waya nilikuwa nikiujaribu mpango kwa mkono. Kipande chenye treni nilikiwekea alama ili nisisahau nikaruhusu treni ya pili. Alama zangu zilikuwa abiria wa mke wangu.

Yeye amezaliwa upande wa Tabaka, kwenye mawe laini ya kuchongwa, na mikono yake haikusahau. Stesheni zangu zilipokamilika alisema hazina watu, akaanza kuwachonga. Kila mmoja alikuwa na urefu wa kidole. Hakutaka watu wa kubuni. Alimchonga shemasi na mwavuli wake, mama wa ndizi na kikapu chake, na jirani yetu mfyatua matofali na kofia yake iliyokunjwa upande mmoja. Aliwapaka rangi akiimba. Ilikuwa njia yake ya kuwapenda.

Huyo jirani alikuja siku moja kuazima sepetu, akachungulia mezani.

"Huyu si mimi?"

"Ni wewe kabisa," mke wangu akamjibu, akicheka. "Nilikosea masikio tu, yako ni makubwa zaidi."

"Mbona nimelazwa kwenye reli?"

"Ni omogaka huyu, mzee wangu, amekulaza. Ukiwa hapo, treni haipiti."

Jirani alicheka, lakini kicheko chake kilikatika kabla ya kwisha. Mwezi haukupita, lori likamgonga kwenye barabara ya Kisii akiwa nyuma ya pikipiki. Tulimzika chini ya migomba yake. Kaburini nilisikia mnong'ono ukipita kati ya watu: kwamba alijiona mwenyewe, mdogo, amelala kwenye chuma kabla hajafa. Kwamba mama yule huwachonga watu, na taa nyekundu ikiwaka, mtu hufa.

Kwa hiyo Ijumaa ile walipokuja, walijua wanachotafuta.

Mlango wa stoo ulianguka ndani. Aliyetangulia alikuwa mdogo wa marehemu, kijana niliyemfundisha nyimbo za Sabato angali hajang'oa meno ya utoto. Alikuwa na rungu.

"Mzee wa treni!" mmoja akapaza sauti nyuma yake. "Leo tikiti ni bure!"

"Wako wapi watu wake? Hesabuni, labda na wewe umo!"

Walipindua meza. Mlima wa Gesima ulipasuka kama chungu. Kijana alimwona kaka yake wa jiwe sakafuni, akalia kwa sauti ambayo nikiwaza naisikia bado, kisha akanigeukia. Niliinua mkono wa kulia kulinda kichwa. Rungu liliuvunja juu ya kiwiko, nikasikia mfupa kabla ya kusikia maumivu. Nilipoanguka walinikanyaga mbavu. Mmoja aliyekuwa na panga alinipiga kwa ubapa usoni, jino likanitoka. Sijui kwa nini hakutumia makali. Namshukuru Mungu kwa ubapa ule.

"Mama yuko wapi?"

Walimwaga petroli juu ya mbao, wakawasha, wakanikokota nje kwa miguu. Nyuma yangu plastiki ya mabehewa ilitoa moshi mweusi wenye harufu chungu, na vioo vya taa vikapasuka kimoja kimoja. Halafu waliuvunja mlango wa nyumba.

Mke wangu alikuwa chumbani akioga. Ijumaa kabla jua halijazama sisi huoga na kubadilisha nguo tuipokee Sabato. Chumba chetu hakina mlango, kina pazia tu. Kutoka uani, kupitia mlango uliovunjwa, niliwaona wamejazana sebuleni, wakipondaponda vyombo na viti. Kisha nikasikia sauti yake, tulivu kama ya mtu anayeagiza chumvi.

"Wanangu, niko kwenye karai. Sina nguo. Atakayeingia, aingie."

Kelele zilikatika.

Msomaji ambaye si wa kwetu inafaa aelewe. Kwa Abagusii kuna ensoni, aibu inayolinda wazazi na watoto. Mwanamume aliyekwisha kutahiriwa haingii mahali mama yake anapolala, na mama si yule aliyekuzaa tu. Kila mwanamke wa rika lake katika ukoo ni mama yako. Ukiuona uchi wake umejiletea balaa ambayo maji hayaioshi. Vijana wale waliokuwa tayari kumuua mama yao hawakuwa tayari kumwona. Nilitazama rungu lililonivunja likishuka taratibu.

Lakini miongoni mwao alikuwamo mtu mmoja asiye wa ukoo, muuza petroli ya chupa pale sokoni, mgeni aliyetoka mbali. Chupa ya mwisho ilikuwa mkononi mwake.

"Mnaogopa pazia?" akawacheka. "Mimi si mtoto wake. Nipisheni nimtoe."

"Umtoe umlete wapi?" mdogo wa marehemu akamuuliza.

"Hapa nje! Si ndiyo kazi iliyotuleta?"

"Umlete mbele yetu hivyo alivyo?"

"Basi tuichome nyumba naye ndani."

"Ukichoma atakimbia atoke, mjinga wewe! Atatoka vipi? Atatokea kwa nani?"

Mgeni alimsukuma, akakamata pazia. Hakuwahi kulivuta. Walimwangukia wote. Marungu waliyomletea mke wangu yalimshukia yeye, kichwani, mgongoni, magotini. Walimtupa uani karibu nami, chupa ikapasuka chini yake na vioo vikamkata mapaja. Alipojaribu kutambaa walimpiga mateke mpaka akaacha kusogea. Niliwaombea wote, yeye na wao, kwa mdomo uliojaa damu. Nilimsikia akipumua. Hata yeye Mungu alimwachia pumzi.

Mke wangu alitoka baadaye kidogo, amevaa gauni lake jeupe la kanisani, nywele zingali na maji. Vijana waligeuka wakamwonyesha migongo. Alipita katikati yao akapiga magoti kando yangu.

"Mtafuteni mwenye pikapu," akawaambia, bila kuinua sauti. "Hawa wawili wapelekwe Kisii."

Wakakimbia kulitafuta gari. Mdogo wa marehemu ndiye aliyeushika mkono wangu usitikisike njiani. Hakunitazama hata mara moja.

Plasta mkononi mwangu ikiwa bado haijakauka sawasawa, walirudi na wazee wa ukoo na mbuzi. Walitaka utakaso, kwa kuwa walikuwa wamesikia mama akisema yuko uchi na wakabaki wamesimama. Mkono wangu haukutajwa, wala stoo, wala petroli. Mimi ningempokea yule mbuzi ili mambo yaishe, maana nimechoka, na nimezoea kungoja. Mke wangu alikataa.

"Ijumaa ile hakuna aliyeniuliza," akasema. "Niulizeni sasa."

Walitazama nyasi. Mzee mmoja alianza kusema kwamba si lazima, mama, hayo yamepita.

"Kwangu hayajapita. Nitaenda kwa nani kuchota maji? Nani atakula nilichopika? Niulizeni."

Mdogo wa marehemu alivua kofia.

"Mama, wewe ni mchawi?"

"Hapana."

"Ulimuua kaka yangu?"

"Hapana. Nilimlilia."

Aliitikia kwa kichwa. Mke wangu alimwambia aende akamwambie mjane wa kaka yake maneno hayohayo, kwa sauti ya kusikika barabarani. Kijana aliifungua kamba ya mbuzi kwenye nguzo, akaondoka naye, na wenzake wakamfuata. Tulisimama kwenye mlango uliovunjwa tusioweza kuufunga, tukimsikiliza akibisha hodi kule kwa mjane.