Mdogo Wako Anaumwa

Mdogo wake binti wa Fundi alikuwa na majani mapana yenye matundu, na makazi yake yalikuwa ndoo kuukuu ya rangi iliyotobolewa chini. Hakuwa mtu. Lilikuwa ua la ndani. Binti alikuja nalo kutoka chuoni likiwa kijiti tu kilichotupwa na wafagiaji, akakitia kwenye chupa ya maji juu ya meza ya baba yake mpaka kikatoa mizizi. Na kwa kuwa alizaliwa peke yake, akatangaza kwamba sasa na yeye amepata mdogo. Baba mtu akacheka, akasema mtoto huyu ana nafuu, haombi viatu.

Fundi alikuwa fundi wa cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi, cha nyuma cha kulala. Mashine ikizungushwa mara moja tu alikuambia kama mkanda umelegea, kama sindano imepinda au kama imekauka mafuta. Kwa chuma alikuwa hodari. Kwa maneno, ndugu yangu, alikuwa bahili wa kupindukia. Binti alipopata kazi ya unesi ng'ambo, kuongea na simu ikawa shughuli ya mkewe. Mama na mwana walipiga soga mpaka simu ikapata joto, na mwishoni kabisa Fundi akapewa aseme lake: "Haya mama, mzima? Sisi wazima. Kazi njema." Alimwita mama kwa sababu alikuwa amepewa jina la mama mzazi wa Fundi. Kisha aliirudisha simu upesi, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa.

Halafu mke akafariki. Binti alikuja kuzika, akakaa siku chache, akarudi kazini. Tangu hapo simu zikawa za mzima-mzima. Huyu anauliza, yule anajibu, kisha wanasikilizana wanavyopumua mpaka mmoja asingizie mtandao. Zikapungua, zikawa za kubahatisha. Fundi alimkumbuka mwanawe mpaka kifua kikawa kizito, lakini mzee mzima apige simu aseme hivyo? Angeanzia wapi?

Ua ndilo lililomwanzishia. Majani ya chini yaligeuka manjano, akayapiga picha, akatuma na maneno matatu: Mdogo wako anaumwa. Hata hajaweka simu chini, ikalia, tena ya video.

"Baba, umemfanya nini mdogo wangu?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe, mganga."

"Mimi naganga watu. Haya, chomeka kidole kwenye udongo. Kikoje?"

"Kina tope."

"Unammwagilia kila siku?"

"Kila asubuhi. Kwani wewe hunywi maji kila siku?"

Binti akaangua kicheko, na kicheko kile kilikuwa cha mama yake mtupu. Fundi akaelezwa kwamba mizizi nayo hupumua, ikilala majini inaoza, na ndiyo maana manjano huanzia majani ya chini. Auache udongo ukauke, amwagilie pale tu kidole kikizama na kutoka kikavu. Jioni ile, na nyingi zilizofuata, binti alipiga kumjulia hali mgonjwa. Walianza na majani wakaishia kwingine: baridi ya huko, zamu ndefu, mzee mmoja wa wodini anayemwita kila nesi kwa jina la mkewe. Muda wote huo simu ya Fundi ilitazama ua, na mwenyewe amesimama nyuma yake akisikiliza.

Ua likapona. Likatoa na jani jipya, laini, limejikunja.

"Hongera Baba! Sasa hana neno," binti alisema kwa furaha.

Na kwa kuwa hana neno, maneno nayo yakaisha. Siku zikapita kimya. Fundi akawa anaketi anaitazama simu, kisha analitazama lile jani jipya kwa chuki. Ndiyo, chuki, nami simlaumu. Mchana mmoja akaibeba ndoo, akaiweka dirishani, pale jua la alasiri linapopiga bila huruma.

Majani yakaungua, yakawa na mabaka meupe yaliyokauka yakawa kahawia. Akatuma picha. Simu ikalia. "Umemhamisha, Baba?" "Nilikuwa nafagia, mama." Mgonjwa akarudishwa kivulini, akaulizwa hali kila jioni, akapona, na kimya kikarudi. Basi safari hii akanyimwa maji mpaka ncha zikakauka zikawa zinavunjika zikiguswa. Simu ikalia.

Jirani yake, mshona nguo waliyemwita Bi Mkasi kwa ajili ya ulimi kuliko kwa ajili ya kazi, alileta mashine yake akasimama kuikagua ndoo.

"Fundi, hili ua limekukosea nini? Majuzi limeungua, leo lina kiu."

"Hali ya hewa."

"Hali ya hewa ya humu chumbani? Haya. Mficha maradhi, kifo kitamuumbua."

Fundi akajitia kutafuta bisibisi, na bisibisi alikuwa ameishika.

Maneno yale yalimchoma. Usiku ule hakulitesa tena ua, alilionea huruma. Akatafuta namna ya kuliomba radhi, akafanya alichojua kufanya kwa kitu chochote kilichochoka: akachukua kitambaa na mafuta ya cherehani, akalipaka jani kwa jani, juu na chini, mpaka likang'aa kama mashine mpya. Baada ya siku chache majani yalilegea yote, yakatoka madoa meusi, na shina likaanza kuinama. Safari hii Fundi aliogopa kwelikweli. Ua likifa, angempigia mwanawe kwa kisingizio gani?

"Sogeza simu, Baba," binti alisema. "Geuza jani. Wadudu hakuna. Mbona linang'aa hivyo?"

"Mafuta ya cherehani."

"Baba! Jani nalo linapumua, umeliziba pua!"

"Nilitaka apendeze."

Sauti ya binti ikawa ya nesi anayekumbuka historia ya mgonjwa.

"Kwanza maji mengi. Halafu jua. Halafu kiu. Sasa mafuta. Baba, kila ugonjwa peke yake naujua. Lakini huyu kila nikisema amepona, anaumwa tena."

Njia ya mwongo ni fupi. Fundi angeweza kusingizia paka, ila hakuwa na paka.

"Akipona, hupigi," akasema.



"Geuza simu, Baba."

"Nigeuzie wapi?"

"Kwako. Nataka nikuone wewe."

Kitufe cha kugeuzia hakukijua, akaigeuza simu yenyewe. Binti akamwona baba yake, naye akabaki anatazama mgongo wa simu. Shati lilikuwa limemzidi mabegani. Ndevu zilikuwa zimeota ovyo, nyeupe, na mashavu yameingia ndani.

"Umekula nini leo?" binti akauliza.

"Chai."

"Na jana?"

Fundi akaanza kufunga kifungo cha shati.

"Nje unatoka? Jua unapata? Unaongea na nani, Baba?"

Alikuwa anaulizwa yale yale ambayo siku zote aliyajibu kwa niaba ya ndoo. Labda kwa sababu hakuuona uso wa binti, maneno yalitoka.

"Nimekukumbuka, mama. Nimekukumbuka mno."

Binti alilia waziwazi, hakusingizia mtandao.

"Na mimi, Baba. Nilidhani ukinisikia unamkumbuka Mama unaumia. Kesho nitapiga. Ua likipona, likifa, nitapiga."

Fundi aliyafuta majani kwa maji ya sabuni, yaliyooza akayakata. Yalibaki mawili. Kesho yake akanyoa ndevu, akaenda kwa Bi Mkasi kuomba aonyeshwe kile kitufe, akavuta kiti karibu na dirisha. Simu ilipolia, alikuwa ameketi mbele, na ua lilikuwa nyuma yake.