Farasi Mmoja, Mapasa Wawili

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikipata kiti, kivuli na kikombe cha chai, dunia inaweza kuendelea bila mimi. Kwa hiyo Jumapili ile, shemeki wangu, mdogo wa mke wangu aliyefanya kazi mgodini Kipushi, alipokuja na suruali mpya kusema twende rodeo, nilimjibu kwamba ng'ombe nimeshawaona.

“Uliwaona mu sahani,” akasema. “Baba Mapasa, utaoza mu ile kiti. Hata kuku inatokaka inje.”

Miaka ile mji bado uliitwa Elisabethville, na rodeo ilikuwa kitu kipya. Wazungu wa mashamba ya ng'ombe waliteremka na gari moshi, na farasi na mafahali, waonyeshe jinsi mtu anavyokaa juu ya fahali mkali mpaka atupwe chini. Kwa maoni yangu, kutupwa chini ni jambo ambalo mtu hulipata bila kwenda mbali. Lakini mke wangu alikuwa ameshawavika watoto.

Niseme kwanza habari ya hao watoto. Walikuwa mapasa, wawili wa tumbo moja, wa kiume na wa kike, wenye miaka minne. Kwetu, watu wa kaskazini ya Katanga, mapasa hawagawanywi. Ukimsalimu mmoja, msalimu na wa pili. Ukimchapa mmoja, mchape na mwenzake, hata kama alikuwa amelala zake. Ukibagua, aliyeachwa anakasirika, na hasira yake, wazee walisema, haipoi bure. Mimi nilisoma sekondari kwa mapadri, nikapata Kilatini cha kutosha kuyacheka mambo hayo. Lakini nikigawa mkate, niliupima kwa rula.

Jioni, kabla ya kula, tuliwaita kwa wimbo. Nyimbo za mapasa ni za matusi, ndiyo desturi: mama anamtukana baba, baba anamjibu mama, na hakuna wa kuwakataza, maana aliyezaa wawili kwa mara moja amepewa ruhusa. Mke wangu alianza, nami nikajibu. Nikimaliza jibu, watoto walikuja mbio kutoka popote walipo na kunirukia, huyu mkono huu, huyu mkono ule. Kabla ya jibu hawakusogea. Mlango tulikuwa tunaufunga kwanza. Karani wa gari moshi hawezi kusikika na majirani akitaja matako.

Kiangazi kilikuwa kinaisha. Moshi wa nyasi ulikutana na moshi wa kiwanda cha shaba, na jua la mchana lilikuwa jekundu, halina joto la kawaida. Sisi weusi tuliwekwa upande wa chini wa uwanja, nyuma ya waya wa miiba. Wazungu walikaa ng'ambo, juu ya ngazi za mbao zenye kivuli. Niliona pale mkubwa wangu wa kazi, na karibu naye padri wa parokia yetu. Niliinua kofia. Hakuna aliyeiona, nikairudisha kichwani kama mtu aliyekuwa anajikuna.

Mahali petu palikuwa karibu na kizimba cha mbao, walimomfungia fahali wa mwisho. Hatukumwona. Tulimsikia tu akipiga mbao, akinyamaza, akipiga tena.

“Turudiye ku nyumba,” mke wangu akasema.

“Yaya, tumefika sasa hivi,” shemeki akamjibu dada yake.

“Ile kitu haipigi bule. Iko inatafuta mutu.”

“Inatafuta bwana yako. Imesikia vile anawaitaka ba ndugu yake nyama ya sahani.”

Tukacheka. Fahali akapiga tena, tukaacha kucheka.

Kabla hajafunguliwa, mzungu mmoja alipita kando ya waya juu ya farasi, akitafuta mtoto wa kumzungusha uwanjani, watu wafurahi. Aliinama, akamwonyesha mvulana wetu kidole. “Toi, petit!” Kabla sijafungua mdomo, mtoto alikuwa amekaa juu ya tandiko. Watu walipiga makofi. Mke wangu akamnyanyua msichana juu ya waya.

“Na uyu! Bwana, na uyu! Beko mapasa!”

Mzungu akacheka. “Après, après,” akasema, kwamba baadaye, akageuza farasi.

“Baba Mapasa, umuambiye mu Kifaransa!”

Nilianza sentensi nzuri sana, yenye heshima mwanzo na heshima mwisho. Nilipofika katikati yake, farasi alikuwa ng'ambo.

Msichana hakulia. Angelia, ningetulia. Alimtazama ndugu yake akienda, mpaka mama yake akamteremsha chini kwa sababu mikono ilichoka. Tulipoinama tena kumtafuta, alikuwa ameshapita chini ya waya, mahali ambapo hata mbwa angefikiri kwanza. Alikuwa anatembea uwanjani, polepole, kumfuata farasi wake.

Juu ya kizimba alikaa mtu mwenye kazi ya kukifungua. Macho yake yalikuwa kwenye ngazi za wazungu, akingoja ishara. Mti mmoja wa mlango alikuwa ameshauvuta, umebaki mmoja. Tulipiga kelele, lakini kila mtu alikuwa anapiga kelele. Shemeki alijitupa kwenye waya, miiba ikamshika suruali mpya. Nami nilipoinama nipite, mke wangu alinikamata shingo ya shati.

“Usimufuate! Atawaza unacheza naye, atakimbia!”

Kweli. Kila saa ya kuoga alitukimbia hivyo. Ndipo mke wangu akaanza kuimba.

Msichana akasimama. Akageuka. Alikuwa sawasawa mbele ya mlango wa kizimba, mikono imelegea, akinitazama mimi. Alingoja jibu.

“Jibu!” mke wangu akasema.

“Hapa?” nikauliza. Kilatini chote kile, na neno lililonitoka ni hilo.

Nikaimba. “Mama ya mapasa, matako mutungi ya munkoyo!” yaani mtungi wa kinywaji chetu cha mahindi, na yanayofuata siyaandiki, wajukuu wanajua kusoma. Sauti yangu, ambayo kanisani hujificha nyuma ya sauti za wengine, ilitoka kama filimbi ya gari moshi. Watu wa kaskazini walioutambua wimbo waliupokea kwa makofi, na upande wote wa chini ukawa unamtukana mke wangu pamoja nami. Ng'ambo wakageuza vichwa. Mtu wa kizimba aligeuka aone kuna nini, akamwona mtoto, akaondoa mkono kwenye mti. Msichana akaja mbio, akapita chini ya waya, akanirukia mkono wa kushoto.

Mkono wa kulia ulikuwa wazi.

“Nyamaza!” mke wangu akasema, amenishika mdomo. “Bote babili banasikia!”

Lakini jibu lilikuwa limeisha. Ng'ambo, mvulana wetu alikuwa amelisikia mpaka mwisho, na likiisha unakuja mbio kutoka popote ulipo. Hakutazama farasi ana urefu gani.

Mzungu alituletea mtoto mikononi, kwa miguu, bila kofia. Safari hii hakusema après. Mguu wa mvulana ulikuwa umeanza kuvimba chini ya goti. Tuliondoka. Nyuma yetu mlango wa kizimba ulifunguliwa, watu wakapiga ukelele mkubwa. Hakuna kati yetu aliyegeuka kutazama.

Muuguzi aliufunga mguu kwa vijiti na kitambaa. Tulipofika nyumbani, mke wangu alitafuta vijiti vingine na kitambaa kingine, akaufunga na mguu wa msichana, uleule wa kulia. Shemeki alitazama bila mzaha. Mimi nilishika kitambaa kisikunjamane.

Mvua zilipokuwa katikati tulimfungua mvulana. Alijaribu kidogo, akachechemea, kisha akaenda zake uani. Tukamfungua msichana, ambaye hakuwahi kuumia. Akasimama kwa mguu mmoja, ule wa kulia ameukunja, akatutazama.

Mke wangu akaanza wimbo. Nikajibu, mlango ukiwa wazi. Mvulana akaja mbio kutoka uani, akanirukia. Msichana hakusogea. Nikaimba tena, kwa sauti zaidi, mkono mmoja umejaa.